Mboga za Kitalu Nyumba na Banda la Neti: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Nina nafasi ya kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mboga, cha mita 8 kwa 15 huku Lushoto. Nianze na mboga gani?

Jibu: Anza na mboga inayopanda juu, kwa sababu fedha ya nguzo na nailoni imelipia kimo pamoja na eneo. Nyanya ndefu, ambayo ikifungwa kwenye kamba huendelea kurefuka na kuzaa kwa miezi kadhaa, huitumia nafasi hiyo vizuri, na mita zako za mraba 120 zinatosha miche 300 hadi 360. Nyanya fupi, inayozaa kwa mkupuo mmoja kisha ikakoma, ibaki shambani. Pilipili hoho za rangi nazo zinafaa, lakini hukaa sana kwenye mmea kabla ya kuwa nyekundu au njano. Usizipande kabla ya kumpata mnunuzi anayezitaka, maana sokoni huenda ukalipwa bei ya hoho za kijani.

Swali: Niko Bagamoyo. Nyanya zangu chini ya nailoni zinachanua, kisha maua yanapukutika. Je, mbegu ni mbovu?

Jibu: Sidhani. Joto la mchana likizidi nyuzi 35 chavua ya nyanya, yaani unga wa ua unaotungisha tunda, hudhoofika, na chini ya nailoni katika pwani yetu kiwango hicho hufikiwa mapema. Isitoshe, ua la nyanya hujichavusha likitikiswa, nawe umeuzuia upepo. Tikisa kamba kila asubuhi na ufungue kuta. Binafsi, pwani ningejenga banda la neti ya kivuli na kupanda saladi, spinachi na figili.

Swali: Neti ikiwazuia nyuki, matango yatazaaje?

Jibu: Nunua mbegu ya aina inayozaa bila uchavushaji. Maboga na matikiti yaache nje.

Swali: Mnyauko umeua nyanya zangu zote kitaluni. Msimu ujao nikipanda hoho nitakuwa salama?

Jibu: Hapana, kwa kuwa hoho, bilinganya na nyanya chungu ni wa ukoo mmoja na nyanya. Kwanza hakikisha ugonjwa wenyewe: kata shina la mmea ulionyauka karibu na ardhi, uliningʼinize ndani ya glasi ya maji safi, na ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, hao ni bakteria, ambao dawa ya ukungu haiwaui. Waliomo kwenye udongo hubaki humo muda mrefu, na kitalu hakihamishiki kama shamba la kukodi. Unaweza kupanda kabichi au vitunguu, ingawa najua haviwezi kurudisha gharama ya jengo. Unaweza pia kutumia miche ya nyanya iliyobebeshwa juu ya shina la bilinganya sugu, au kupanda kwenye mifuko yenye udongo safi, iliyotengwa na ardhi. Vyovyote utakavyochagua, weka viatu vya kuvaliwa ndani ya kitalu tu, kwa kuwa udongo wenye bakteria husafiri na nyayo.