Cheni usizitoe Aprili, mdogo wangu

Juzi kijana mmoja aliyeanza kuendesha malori Denver, Marekani, kaniandikia: “Shikamoo kaka. Huku watu wanavaa kaptula sasa. Hizi cheni za kufunga tairi kwenye theluji si nizitoe tu, zinanijazia lori?” Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Swali hilo hilo niliuliza mwaka wangu wa kwanza, na niliyemuuliza alinipoteza.

Mimi si mgeni wa barabara. Kitonga nimeipanda usiku na tela la saruji, masika yanamwaga. Basi jimbo la Colorado, ilipo Denver, nilifika na kiburi changu chote. Aprili ile nilipakia Grand Junction, magharibi ya jimbo, asubuhi, jua kali, miguuni kandambili. Bwana wa ofisini anayetugawia mizigo akasema utabiri ni wa kutishia watoto, pita tu. Nikapita.

Baada ya Vail, pale barabara kuu ya I-70 inapoanza kukwea hadi mita 3,250, mvua ikageuka theluji. Sio ile ya Januari inayopeperuka kama unga. Hii ya majira ya kuchipua ni nzito, imelowa, inaganda kwenye kioo kama ugali kwenye mwiko. Taa za ubao wa barabarani zikawaka: malori yote yafunge cheni. Nilikuwa nazo, maana sheria inataka uzibebe kwenye barabara hiyo kati ya Dotsero na Morrison kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei. Ila sikuwahi kuzifunga hata siku moja. Nililala chini kwenye tope la barafu, vidole vikafa ganzi, kile kindoano cha upande wa ndani wa tairi kikagoma kabisa kushika. Mzee mmoja akashuka kwenye lori lake, akanisogeza pembeni, akazifunga zote bila kusema neno. Aibu ya siku ile bado ninayo.

Yaliyofuata mpaka Denver hayana hadithi. Kesho yake nikashuka tambarare kwenye jua, nikampigia mke wangu kumwambia dhoruba nimeikimbia. Kumbe naifuata kwa nyuma! Jioni, karibu na Hays kule Kansas, mawingu yalisimama mbele yangu kama ukuta, chini yana rangi ya kijani. Mvua ya mawe ikapasua kioo cha mbele kona hadi kona. Ofisi ikanikata mshahara. Yule aliyesema nipite hakukatwa hata senti.

Theluji ya mlimani na radi za tambarare ni watoto wa tumbo moja, na hilo hakuna aliyeniambia. Mgandamizo mdogo wa hewa unajijenga mashariki ya Milima ya Rocky, upepo ukiuzunguka kinyume cha saa. Upande wa mbele unavuta hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, ndiyo inayolipuka radi. Nyuma inaingia baridi, milima inazikwa. Kisha dhoruba yote inasonga mashariki, na wewe na I-70 yako mnaelekea huko huko.

Kwa hiyo vijana, sikilizeni. Angalieni utabiri wa njia nzima, si wa hapo mlipo. Wa njia nzima, narudia, hata kama dirishani kuna jua. Denver kwenyewe, kwa wastani mwezi wenye theluji nyingi ni Machi, sio Desemba. Ikitolewa tahadhari, ujue mazingira ya dhoruba yameiva. Likitolewa onyo, dhoruba imeshafika au iko mlangoni: ingia kituo cha malori, usijibanze chini ya daraja. Na wa ofisini akikwambia pita, kumbuka faini ya kutofunga cheni, dola 500 na zaidi, inaandikwa kwa jina lako. Ukikwama ukaziba barabara, inavuka 1,000. Mnapenda kupiga picha na malori, hamtaki kulala chini ya tairi!

Kijana nimemjibu hayo yote, kwa sauti, dakika kumi na moja. Amenirudishia kidole gumba tu. Jumamosi nampitia, azifunge mbele yangu.