Maswali ya Wasomaji: Je, 1,000,001 ni Namba Tasa?

SWALI: Nimeigawanya 1,000,001 kwa namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100, kuanzia 2 hadi 97. Kila mara kuna baki. Je, niseme ni tasa?

JIBU: Usiseme. Uliachia njiani, tena hatua moja tu kabla ya kufika. Namba tasa ya 26 ni 101, na 101 × 9,901 = 1,000,001.

Mahali pa kuishia ni kwenye kipeuo cha pili cha namba unayoichunguza. Vigawanyo huja wawili wawili, na wote wawili hawawezi kukizidi kipeuo hicho, maana zao lao lingeipita namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 1,000,001 ni 1,000 na chembe, hivyo ungetakiwa kufika hadi 997. Hizo ni namba tasa 168.

Hata hivyo jasho lako lina faida. Kinachoigawanya 9,901 kinaigawanya 1,000,001 pia, na wewe umeshaondoa namba tasa zote hadi 97. Inayofuata ni 101, ambayo kipeo chake cha pili, 10,201, kimeshaipita 9,901. Basi 9,901 ni tasa na hakuna kingine cha kujaribu.

Njia ya mkato ipo: 1,000,001 ni 100³ + 1, na a³ + 1 = (a + 1)(a² − a + 1). Weka 100 mahali pa a, utapata 101 na 9,901 bila kugawanya chochote. Ukiona kipeo cha tatu kimeongezwa 1, anza na kanuni hii kabla ya kushika kikokotoo.

Kuhusu kundi lake, yaani kama ni namba pungufu au ziada: vigawanyo vya 1,000,001 ni 1, 101, 9,901 na yenyewe. Ukiiacha yenyewe, jumla ni 10,003 tu, kwa hiyo ni namba pungufu (jumla hiyo ni ndogo kuliko namba yenyewe), na upungufu wenyewe ni mkubwa mno.

SWALI: 720,720 ina vigawanyo vingapi? Nimeivunja nikapata 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13, nikajumlisha vipeo: 10.

JIBU: Umeivunja sawasawa, kosa liko kwenye kujumlisha. Hiyo 10 ni idadi ya namba tasa ulizozidisha. Kwa vigawanyo, ongeza 1 kwa kila kipeo kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Ile 1 inaongezwa kwa sababu 2 inaweza kutumika mara 0, 1, 2, 3 au 4, na hizo ni njia tano. Wengi husahau ile mara 0.

Jumla ya vigawanyo bila yenyewe ni 2,529,072, zaidi ya mara tatu ya 720,720: ni namba ziada, yaani jumla hiyo inaizidi namba yenyewe. Pia ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya namba zote kuanzia 1 hadi 16. Kwa 17 haigawanyiki.