Ndiyo, Nawaambia Unafinyanga Vyungu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, na baba yako goti limemwachia. Mvua haijatupa nafasi wiki hii, njia ya kuteremkia ziwani ni tope tupu. Sauti uliyotuma juzi niliisikiliza, nikairudia usiku wenzangu walipolala. Nimeona nikuandikie, maana nikijibu kwa sauti baba yako ataingilia kati na bando litaishia kwenye ubishi wetu.

Umeniuliza: "Mama, watu wakitaka kujua nafanya nini huku Ujerumani, wewe unawajibu nini?" Kisha ukakaa kimya kidogo, ukasema hutakasirika hata kama nawadanganya.

Nawaambia unafinyanga vyungu.

Anayesema mengine ni baba yako mdogo. Yeye pale barazani, baada ya swala ya alasiri, ameshakufanya mhandisi. Mwanzoni ulikuwa mhandisi wa vigae vya nyumba, siku hizi vigae vimeanguka njiani umebaki mhandisi mtupu. Mwache. Anakupenda, na anawajua watu wa hapa Ujiji: kijana akishapanda ndege wanataka arudi daktari, au basi arudi na gari.

Mimi niliulizwa mbele za watu, kwenye shughuli ya binti wa jirani. Tulikuwa uani tunamenya ndizi, masufuria yamejaa, kila mtu na kisu chake. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya kutaka wote wasikie. Nikamwambia: yuko sehemu inaitwa Westerwald, anajifunza ufinyanzi, miaka mitatu, siku nyingine yuko karakanani na siku nyingine darasani, mwisho kuna mtihani na cheti. Visu vikasimama. "Ufinyanzi huu huu wa vyungu?" Huu huu. "Mwanamume?" Mwanamume. Akapatikana wa kusema mfinyanzi hulia gaeni, wakacheka, nami nikacheka nao, maana si uongo: bibi yako alikuwa akipakulia watoto kwenye vyombo vilivyomeguka midomo, vizima vyote vimekwenda mnadani. Lakini shangazi yako, unamjua na hesabu zake, akauliza, "Na huko kujifunza, analipa yeye au analipwa?" Nikasema anapewa posho kila mwezi, si kubwa, ila inamlipia chumba na chakula. Kicheko kiliishia hapo. Kabla biryani haijaiva wawili walishanivuta pembeni kuniuliza habari za watoto wao.

Kwa hiyo hilo limekwisha. Sasa nikwambie ninavyodhani swali lako limetokea wapi, na kama nimekosea utanisahihisha.

Umetueleza kwamba mwezi mzima mlikuwa kwenye soko la Krismasi, umesimama nyuma ya meza ya fundi wako unafunga vikombe kwenye magazeti, watu wanakunywa ile mvinyo yao ya moto pembeni, baridi inakula vidole, lakini watu wapo. Halafu soko likafungwa, karakana ikafungwa mpaka mwaka mpya upite, wenzako wakaenda kwao. Wewe umebaki na chumba. Na huko jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi na nusu jioni limeshazama! Mtu aliyezoea kukanda udongo kutwa, ukimweka bure kwenye giza la saa kumi na nusu, lazima aanze kupitia picha za wenzake waliosoma naye, nani kajenga, nani kaoa. Ungekuwa na kazi mkononi usingeniuliza. Sisemi swali ni baya. Nasema limekuja na giza.

Kwa hiyo mwaliko wa mke wa fundi, uende. Umesema unaona haya kuingia nyumba ya watu usiku wao mkubwa, tena sikukuu si yako. Amekuita mwenyewe, tena mara mbili. Kukataa ndiko kunakoleta maneno. Umesema usiku wa tarehe 24 wengi hula saladi ya viazi na soseji. Mwambie mapema, kwa adabu, kwamba nguruwe huli na pombe hunywi, asije akajua umeshaketi mezani akaanza kuhangaika. Viazi peke yake vitakutosha, na samaki hawakosi. Usiende mikono mitupu, na tafadhali usimpelekee mfinyanzi kikombe. Tui la kopo umesema lipo madukani, basi wapikie maharage ya nazi, uyafanye mazito, uyafunike vizuri njiani. Na siku hiyo fanya manunuzi yako asubuhi, maana wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kwamba mchana maduka yanafunga na tarehe 25 na 26 hayafunguliwi. Mwaka jana uliishi kwa mkate na chai siku mbili ukaja kutusimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Hela ya Januari usitume. Baba yako anakubaliana nami, ingawa atakuambia vingine. Nunua viatu.

Ulipotaja ule udongo mlioacha kwenye banda la nje ukaganda, na kwamba chombo kibichi kikishikwa na barafu kinakuja kumomonyoka kikiyeyuka, nilimwambia mama yako mkubwa, naye akasema kumbe hata huko kuna msimu wa kutochoma. Bibi yenu hakuwahi kuchoma chungu mvua za Desemba. Chungu kisichokauka hadi ndani ukikitia motoni kinalipuka vipande, na hapa kwetu mvua ikianza hakuna kinachokauka. Alichoma kiangazi, kuanzia mwezi wa sita. Miezi ya mvua alikuwa shambani, na udongo alioupata mapema aliufukia shimoni nyuma ya nyumba, akaufunika majani ya mgomba, ulale. Alisema udongo uliolala unakubali mkono. Alipoufukua ulikuwa unanuka, sisi watoto tunakimbia, yeye anachukua kipande, anakisokota kuwa kamba nyembamba, anakizungushia kidole chake cha shahada. Kikipasuka pale kwenye kona ya kidole, anarudisha shimoni, hana maneno. Kisipopasuka, ndipo anatuita tumsagie magae ya kuchanganya kwenye udongo.

Unanieleza kwamba mwaka wako wa kwanza umekuwa wa kukanda na kufagia. Sawa. Mama yako mkubwa alisaga magae misimu mingi kabla hajaruhusiwa kugusa mdomo wa chungu, na leo ndiye peke yake anayeifanya kazi hiyo kule kijijini, wanamfuata mpaka kutoka Uvinza.

Yeye ana ugomvi na wewe. Nilimsomea ulichoandika kuhusu tanuri la chumvi: kwamba moto ukipita nyuzi 1200 mnatupa chumvi kupitia matundu ya juu, inakuwa mvuke, mvuke unashikana na mchanga ulio ndani ya udongo, na vyombo vinatoka vimevaa kioo chenye vijipele kama ganda la chungwa, kijivu na maua ya buluu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mtoto anatutania. Chumvi anaijua yeye. Kule Uvinza, kabla ya kiwanda, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwenye vyungu mpaka yakauke, na wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya kazi hiyo ya zaidi ya miaka elfu moja. Katika miaka yote hiyo, anasema, chumvi ilikuwa ikikila chungu, haijapata kukivisha nguo.

Nikajaribu kumweleza kwamba moto wetu wa nyasi na kuni haufiki hata nyuzi 1000, udongo unabaki na vitundu vidogo, ndiyo maana mtungi wake unatoa jasho na maji yanapoa, na chungu chake kinakaa juu ya mafiga bila kupasuka, wakati vyombo vyenu vimejifunga, vinafaa kuchachushia kabichi miezi, lakini ukiviteleka kwenye moto wa kuni vinaachana. Hapo alikubali kidogo, hasa alipojua kwamba chombo chenu hakiwezi kupikia maharage. Alifurahi mno kwa hilo, akanifanya nirudie.

Lakini la chumvi bado. Amesema hatalisadiki kwa maneno yako wala yangu. Kwa hiyo karakana ikifunguliwa Januari, muombe fundi ruhusa, na siku watakayowasha tanuri lile upige video kuanzia chumvi inapoingia mpaka mnapobomoa mlango. Usiikate katikati, atasema umebadilisha vyungu. Uitume usiku, bando la usiku ndilo rahisi.

Mama yako,
Ujiji