Jibu: Kuandika “picha: Google” inatosha?

Dada, umeuliza kama ukiandika “picha: Google” chini ya ile picha ya Kilimanjaro kwenye kipeperushi chako cha utalii inatosha. Haitoshi. Google haikuipiga, imekuonyesha tu ilipo. Mwenye haki kwa kawaida ni mpiga picha, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 halazimiki kusajili popote. Haki inaanza pale pale anapoipiga. Ingia Wikimedia Commons, tovuti ya picha za kutumia bure, tafuta yenye leseni (ruhusa ya matumizi) ya CC BY: biashara ruksa, ila utaje jina lake na leseni. Kwenye tovuti nyingine ukiona herufi NC iache, hiyo si ya biashara. Na jamani, usikate ile alama ya jina la mpiga picha iliyo pembeni ya picha! Au mwandikie mpiga picha mwenyewe, mkubaliane bei.