Nimeitwa kwenye kikao cha nidhamu; chama changu kitanisaidiaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya kazi katika kiwanda kimoja huku Temeke, Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita, nikiwa nimeshamaliza saa 12 kazini, msimamizi aliniamuru niunganishe na zamu ya usiku kwa kuwa mwenzangu hakufika. Nilikataa, nikaenda nyumbani. Ijumaa jioni nilipewa barua ya tuhuma za kukaidi amri, nikitakiwa kufika kikaoni kesho yake saa tatu asubuhi. Kikao kimeahirishwa kwa sababu meneja amesafiri. Ada ya chama cha wafanyakazi nakatwa kila mwezi, ila sijawahi kukitumia. Je, niende chamani sasa, au nisubiri kwanza uamuzi?

JIBU: Nenda sasa, ndugu yetu, leo hii ukiweza. Inatuuma kuona wafanyakazi wakikumbuka chama baada ya kushika barua ya kuachishwa kazi, ilhali msaada mkubwa hupatikana kabla kikao hakijakaa.

Mtafute mwakilishi wa tawi la chama hapo kiwandani. Kumwakilisha mwanachama katika vikao vya nidhamu ni miongoni mwa kazi alizopewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mpelekee barua ya tuhuma, mkataba wako na hati ya mshahara inayoonyesha makato ya ada. Mwambie pia kuhusu daftari la getini, kwa maana saa uliyosaini kuingia na saa uliyosaini kutoka ndiyo kiini cha utetezi wako: sheria hiyo hairuhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, isipokuwa kwa dharura, na kutofika kwa mfanyakazi mmoja, kwa maoni yetu, ni vigumu kuita dharura.

Barua ya Ijumaa jioni kwa kikao cha Jumamosi asubuhi nayo ina kasoro. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, akisaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwombe mwakilishi aliseme jambo hilo kikaoni na ahakikishe limeandikwa katika muhtasari.

Ukiona kiongozi wa tawi anasitasita kwa kumwogopa mwajiri, jambo ambalo hutokea, panda hadi ofisi ya chama ya wilaya au mkoa ukiwa na maelezo yako kwa maandishi. Na yeyote akikushauri uandike barua ya kuacha kazi kwa hiari ili “yaishe”, usiiandike kabla ya kuzungumza na chama, kwani utakuwa umejifungia mwenyewe njia ya kudai kwamba uliachishwa isivyo halali.

Endapo utaachishwa kazi, una siku 30 tu tangu tarehe ya kuachishwa kuwasilisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kujaza Fomu Namba 1. Chama kinaweza kukusaidia kuijaza na kusimama nawe mbele ya msuluhishi. Nakala ya fomu hiyo hupelekwa kwa mwajiri. Yule anayeipokea asaini na kuweka tarehe kwenye nakala utakayobaki nayo.