Je, wakili wa ofisi binafsi anaweza kutetea maslahi ya umma?

SWALI: Niliapishwa kuwa wakili mwaka jana. Nilisoma sheria ili niwatetee watu wanaoporwa ardhi wakakosa pa kusemea, lakini ajira niliyopata ni katika ofisi binafsi ya mawakili jijini Dar es Salaam, inayoshughulika na mikopo ya benki na mikataba. Wenzangu walioajiriwa na asasi za haki za binadamu wananiambia nimejiuza. Je, ndiyo nimeiacha njia?
Wakili mchanga, Mbagala

JIBU: Wakili msomi mwenzangu, hujaiacha. Shauri la mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, lililopinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, liliendeshwa na Jebra Kambole, wakili wa kujitegemea. Mahakama Kuu ilimpa Gyumi ushindi mwaka 2016, na Serikali ilipokata rufaa, Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali mwaka 2019.

Mwaka 2020, Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu, inayoongoza mashauri ya kikatiba, ilirekebishwa ikamtaka mlalamikaji aambatanishe kiapo, yaani maelezo ya maandishi anayoyaapia kuwa ni kweli, kinachoonyesha jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Kwa maoni yangu, marekebisho hayo yaliubana mno mlango wa kwenda mahakamani kuilinda Katiba, ambao ibara ya 26 ilimwachia kila mtu. Hadi Mahakama ya Rufani ilipoona mwaka 2025 kuwa yanakiuka Katiba, shauri la umma mzima liliweza kuanguka kwa udhaifu wa kiapo cha mtu mmoja. Hata leo, kuandika kiapo kisichoyumba utafundishwa na wateja wa kawaida. Nikiwa bado mgeni katika ofisi yangu ya kwanza, nilimwandalia kiapo mama mmoja asiyejua kusoma, aliyekuwa na mgogoro wa kiwanja. Nilipokuwa namsomea, dole gumba lake likiwa tayari limepakwa wino, alinisimamisha kwenye aya ya nne: “Mwanangu, mimi sikusema walinifukuza. Nilisema walikuja nikiwa msibani.” Nilikichana kiapo kile nikaanza upya, maana kwa neno hilo moja wakili wa upande wa pili angemwita mwongo mbele ya hakimu.

Lililo gumu, na wenzako hawakulitaja, ni mgongano wa maslahi. Benki ikiwa mteja wa ofisi yenu, huwezi kumsimamia mkulima ambaye shamba lake linapigwa mnada na benki hiyohiyo, hata akikuliza machozi. Na ofisi inayotegemea kazi za Serikali itasita kufungua shauri la kikatiba. Kwa hiyo kabla hujatia saini, keti na mkuu wa ofisi umuulize waziwazi wateja wake wakubwa ni kina nani, mashauri ya bure yatahesabiwa kuwa sehemu ya kazi yako au utayafanya usiku, na nauli za mashahidi zitatoka mfuko gani. Majibu hayo yaingie katika mkataba wako wa ajira. Akikujibu “tutaona”, lichukulie kuwa ni hapana, kisha utafute ofisi ndogo, hata kama mshahara ni mdogo, ambako anayeamua kupokea kesi ndiye unayeketi naye meza moja.