Kujenga kwa kudunduliza: kwanza jueni mtasimama wapi

Ukuta wetu wa kwanza ulianguka usiku wa Februari 2015, sisi hatupo. Asubuhi baba mkwe akapiga simu. Wala hakusema nyumba imeanguka. Alisema, "Mama Neema, njooni muangalie matofali yenu."

Wakati huo tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mafinga mjini, mkoani Iringa. Mimi nafundisha shule ya msingi, Baba Neema ana gereji ndogo ya pikipiki. Kiwanja tulipewa na baba mkwe kijijini kwao, kama saa nzima kwa pikipiki. Kiangazi cha 2014 tulifyatua matofali tukayachoma kwa mabanzi ya mashine za mbao, ambayo huku Mufindi hayakosekani, tukatoa tanuruni kama 18,000 mazima. Basi tukajiona tuna nyumba! Fundi akajenga msingi wa mawe, akaanza kupandisha kuta kwa udongo ili kubana saruji. Alipofika usawa wa madirisha, hela ikakata. Novemba mvua ikaingia. Udongo ukalowa, ukawa unachuruzika katikati ya matofali kama uji, mpaka ukuta wa upande unaopigwa na mvua ukalala chini.

Hela kukata tulijua itakata. Anayejenga kwa mshahara na vijisenti vya gereji hukatikiwa mara nyingi tu. Kilichotuponza ni pale ilipokatikia. Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi na walimu wenzangu waanze na shilingi ngapi, nami nawauliza: ikiisha, mtasimama wapi?

Kwa nyumba ya matofali ya kuchoma, mimi naona pa kusimama ni patatu. Pa kwanza ni jamvi: msingi umejazwa kifusi, kimeshindiliwa, imepigwa dawa ya mchwa, zege limemwagwa juu. Hapo hata miaka mitatu mnaweza kulala usingizi. Pa pili ni boma, yaani kuta bila paa, lililofungwa mkanda wa lenta, lile zege lenye nondo linalopita juu ya milango na madirisha, lakini hapo msikae zaidi ya msimu mmoja, na juu ya kuta funikeni kwa mabati chakavu au turubai. Pa tatu ni nyumba iliyopauliwa. Kuta zilizofika kiunoni si pa kusimama hata kama majirani wanawapongeza. Msiguse tofali la kwanza juu ya jamvi kama hela ya kufika lenta haipo mkononi, nondo na kokoto zikiwemo.

Sisi baada ya aibu ile tulimwaga jamvi mwaka huohuo wa 2015, tukatulia miaka miwili. Mashangazi walianika mahindi juu yake misimu yote miwili. Mmoja aliniuliza kama nimejenga nyumba au uwanja. Nilicheka naye, lakini iliuma. Kiangazi cha 2017 tukapandisha kuta zote kwa wiki tano, safari hii kwa saruji, tukafunga lenta. 2018 tukapaua.

Miaka ya kusubiri ndiyo ya kununua vifaa, ila si kila kifaa. Mabati yanakaa, ya kwetu yalikaa chini ya kitanda, machache machache kila likizo, mpaka yakafika 88. Nondo nazo zinakaa zikiwekwa pakavu. Mawe na mchanga leteni kiangazi hata kama ujenzi ni mwakani, maana lori halipandi ule mlima wa utelezi mwezi wa pili. Saruji iacheni dukani! Tulinunua mifuko 20 kwa sababu bei ilikuwa nzuri, tukaipanga sakafuni kwa ndugu. Tulipokuja kuifungua, sita ilikuwa mawe. Mbao pia zisubiri mpaka fundi wa kupaua awe tayari, kwani paini mbichi ikikaa vibaya inapinda kama upinde. Ongezeni hela kidogo mchukue zilizotiwa dawa, mchwa wa huku hawana mzaha.

Fundi mlipeni kwa hatua, msimlipe kwa siku. Na kalenda yenu iwe ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, kwa sababu mvua ikishakolea na ulanzi, pombe ya mianzi, unakuwa umeanza kutoka, na fundi wa kijijini msimu wa ulanzi unampata asubuhi tu, tena kwa bahati. Baba Neema alijifunza vitu vitatu vilivyotuokolea hela nyingi: kushika timazi ya kunyoosha ukuta, kupima usawa kwa mpira wa maji, na kukagua pembe kwa kamba. Unapima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, mshazari lazima usome mita 5. Usiposoma, msingi umekaa upande, na utaujutia siku ya kupaua. Zege la jamvi na lenta tulimwagilia maji siku saba mfululizo. Kazi hiyo tulimpa kijana wa jirani, tukawa tunampigia simu kila jioni mpaka akatuchoka.

Sasa la wawili. Mwanzoni Baba Neema alikuwa anakwenda saiti na fedha taslimu, anarudi na hadithi. Tuligombana sana. Tukaja kukubaliana mshahara wangu ununue vifaa, hela ya gereji ilipe ufundi, na kila kitu kiandikwe kwenye daftari moja ambalo yeyote anaweza kulifungua bila kuomba.

Jina la kwenye hati nalo lisemeni mapema. Ardhi ya kijiji inapatiwa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na inaweza kubeba majina ya mke na mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa na majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa ni yao sawa kwa sawa. Kwa ardhi ya ukoo wa mume, kusema hivyo mbele ya baba mkwe ni kazi. Mume wangu ndiye aliyesema, na nadhani ndivyo inavyopaswa. Mzee alinyamaza, kisha akauliza, "Na mkiachana, mtagawana mlango?" Nikajibu, "Baba, mlango atabaki nao Neema." Alicheka, akakubali.

Tulihamia 2019 na vyumba viwili tu vyenye milango, mara baada ya kupata uhamisho. Choo kilitangulia. Kodi ya Mafinga ndiyo iliyogeuka plasta. Kabla ya plasta tulipitisha mabomba ya umeme ukutani ingawa nguzo zilikuwa bado hazijafika. Zilipofika, tukaunganishwa kwa shilingi 27,000, bei ya vijijini ya wakati huo, bila kubomoa hata inchi. Na wekeni mifereji ya maji ya mvua mapema. Kila mita 100 za mraba za bati, mvua ya milimita 10 inashusha kama lita 1,000. Sisi tulikuwa tunayaangalia yakichimba msingi huku tunanunua maji kwa dumu.

Sebule mpaka leo haina dari. Baba Neema anataka jipsamu, mimi nataka mbao za paini. Hilo litasubiri. Juni tunachimba karo jipya la choo, na fundi ameshaambiwa hashiki sururu mpaka nondo na saruji ya mfuniko viwe vimefika, kwa sababu shimo wazi uani penye watoto nalo si pa kusimama.